Kinanda cha kwanza: usinunue milio

Juzi dada mmoja kaniandikia: "Kaka, nataka kinanda cha kujifunzia nyumbani. Nichukue cha vibao 61 au 88?" Swali hili naulizwa sana, basi leo nawajibu wote.

Mimi nilitamani kupiga nikiwa kwaya. Mpiga kinanda wetu, simtaji, ibada ikiisha alikuwa anaondoka na adapta mfukoni ili mtu asikiguse. Nilipomwomba anifundishe akasema nimeshazeeka, vidole vimekauka. Mbele ya sauti ya pili yote! Nikanunua changu, Yamaha PSR-E373, nikajifungia chumbani na hedifoni masikioni. Pasaka mwaka huu nani alipiga kuanzia wimbo wa kuingia hadi wa kutoka? Na yeye alikuwepo, benchi la tatu.

Sasa sikia. Dukani usihesabu milio, yaani sauti za ala zilizomo ndani ya kinanda. Changu kina milio 622, na ninayoitumia haizidi kumi. Uliza hivi: nikibonyeza kwa nguvu, sauti inakuwa kubwa? Nikigusa taratibu, inapungua? PSR-E273 inafanana na changu kwa sura, lakini gonga au papasa, mlio ni uleule, na haina USB ya kuunganisha kompyuta. Ukitaka kukitumia kutengeneza biti kwenye FL Studio, ile programu ya muziki ya kompyuta, umekwama. Muuzaji wa Kariakoo atakuwekea demo, wimbo unaojipiga wenyewe, uduwae. Demo imo ndani ya mashine, ndugu yangu. Bonyeza mwenyewe.

Kuhusu 61 au 88: nyimbo za ibada na biti, vibao 61 vinatosha. Ukilenga piano yenyewe, tafuta vibao 88 vyenye uzito kidoleni kama vya piano, mfano Yamaha P-45, ila hiyo haitumii betri. Changu kinakula sita za AA, umeme ukikatika naendelea. Pedali ya mguu, ya kurefusha sauti, nunua mapema.

Halafu kuna kitufe cha transpozi, kinachohamisha ufunguo wa wimbo huku vidole vikibaki palepale. Hapa nitawaudhi wengi. Vijana wanajua ufunguo wa C peke yake. Mwalimu akisema F, wanabonyeza kitufe na kuendelea na C yao. Wanashangiliwa, wanaitwa mafundi! Mkalishe huyo fundi kwenye piano ya mbao, isiyo na kitufe wala waya wa umeme, umwambie apige E flati. Mimi transpozi niliiacha kabisa, nikajifunza F, kisha G, kisha B flati iliyonitoa jasho. Na wewe kitufe hicho kibandike karatasi juu, leo leo, kabla mkono haujazoea.