Msimfungie ndani mdogo wako

Dada wa Moshi, nimekuelewa: mdogo wako ana miaka 24, anakunywa gongo kila siku kuanzia asubuhi, na wazee wanataka afungiwe chumbani wiki nzima mpaka pombe imtoke. Msifanye hivyo.

Mnywaji wa kila siku akikatishwa ghafla, kutetemeka na jasho huanza kati ya saa 6 na 24 tangu anywe mara ya mwisho. Degedege huweza kumpata ndani ya siku 2 za kwanza. Kuweweseka na kuona visivyokuwepo mara nyingi huja siku ya 2 hadi ya 4; hali hiyo huua, na nyumbani wengi hudhani ni mapepo.

Mpelekeni hospitali ya Mawenzi au ya KCMC, zote za hapo Moshi, kabla hajaacha. Semeni anakunywa kiasi gani, amekunywa mwisho saa ngapi, na kama amewahi kupata degedege. Kwa kawaida daktari hutoa diazepam (dawa ya kutuliza) inayopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1. Diazepam msijinunulie dukani: ikichanganyika na gongo inaweza kukata pumzi. Mpaka aonwe, asiache ghafla (najua inasikika vibaya).

Akilalamika macho yana ukungu, huku anatapika na kuhema kwa nguvu, ni dharura ya saa hiyohiyo. Huenda gongo ina methanoli, aina ya pombe yenye sumu, nayo hupofusha.

Akitoka hospitali, waambieni wajomba wasimpe kata ya mbege kwenye shughuli. Mbege nayo ni pombe.