Mvue mama hicho kidani leo

Mkuu, umeuliza kama mama yako hapo Igoma aendelee kuvaa kidani cheusi cha "nishati" alichouziwa kimkinge na mnara wa simu uliosimikwa jirani. Mvue leo. Mnara usikunyime usingizi.

Mawimbi ya simu na ya minara hayana nguvu ya kung'oa elektroni kwenye atomu za mwili. Eksirei inayo, na mionzi ya madini kama urani na thoriamu inayo pia, na hiyo ndiyo nguvu inayoweza kudhuru mwili. Sasa, baadhi ya vidani hivyo vimetengenezwa kwa unga wa mawe yenye madini hayohayo. Desemba 2021 mamlaka ya usalama wa nyuklia ya Uholanzi, ANVS, ilitaja bidhaa 10 za namna hiyo, vidani, bangili, hata kitambaa cha kufunika macho wakati wa kulala, ikawataka watu waache kuzivaa. Mionzi yake ni kidogo, lakini kitu kinachogusa ngozi usiku na mchana kwa miezi si sawa na kitu unachopita karibu nacho. Na yule muuzaji anayekuonyesha kipimo cha "ayoni hasi" (chembe za hewa zenye chaji hasi) namba zikipanda, mara nyingi kinachozipandisha ni mionzi yenyewe inayong'oa elektroni kwenye atomu za hewa. Inaniuma sana mtu kumuuzia mzazi wetu hofu, kisha akamvisha kifuani kile anachokihofia.

Thoriamu kwetu watu wa ziwa si ngeni. Nimekulia kambi za dagaa Ukerewe, enzi za karabai, kabla taa za sola hazijaenea. Ile soksi nyeupe inayofungwa kwenye karabai, ukiichoma inabaki jivu linaloshikana na kutoa mwanga mkali. Mwaka 1891 mkemia wa Austria, Carl Auer von Welsbach, ndiye aliyepata mchanganyiko wa thoriamu asilimia 99 na seri, metali nyingine, asilimia 1, na soksi nyingi duniani zikatengenezwa hivyo kwa miongo mingi. Mwanga hautokani na mionzi, unatokana na joto. Siku hizi viwanda vingi vimehamia itriamu, metali isiyo na mionzi, ila pakiti nyingi hazisemi kilichomo.

Wimbi likipiga mtumbwi soksi inapasuka, na mvuvi anapuliza vumbi kwa mdomo, anafunga nyingine, kisha anakula ugali kwa mikono hiyohiyo. Hapo ndipo pa kuogopa. Mionzi ya alfa ya thoriamu haipenyi ngozi, lakini vumbi lake likiingia mapafuni linakaa humo likipiga chembe za mwili kwa karibu. Kama nyumbani kwenu bado mnatumia karabai, soksi mpya ichomwe nje mara ya kwanza, mtu asimame upande upepo unakotoka. Jivu lifutwe kwa kitambaa kibichi, lisipulizwe, mikono ioshwe kabla ya chakula, na watoto wasichezee pakiti.

Kuhusu kidani, usikichome wala kukiponda, utakuwa umetengeneza vumbi lilelile. Kifunge kwenye mfuko wa plastiki, kikae mbali na chumba cha kulala, halafu uwaulize Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania namna ya kukikabidhi. Mama mweleze kwa upole, amekinunua kwa kujali afya yake. Wakikujibu, tuwekee hapa walichosema, kuna wengine wanavyo na hawajui pa kuvipeleka.