Kaboni ya Filta: Ianzie Kwenye Kikombe Kabla ya Kuingia Tangini

Juzi msomaji mmoja anayefuga samaki wa tangi aliniandikia kuhusu kaboni, zile punje nyeusi za kusafishia maji ndani ya filta: "Kaka, kaboni si kaboni tu? Nimepata mfuko mkubwa kwa bei ya kutupa, niuchukue?" Nilimwahidi jibu refu, kwa sababu swali hilohilo niliwahi kujijibu mwenyewe, nikajijibu vibaya.

Wakati huo nilikuwa na tangi la lita 120, na katikati yake gogo nililolipenda karibu kuliko samaki wenyewe. Gogo likatoa tanini, yaani rangi ya kahawia iliyomo ndani ya mti, maji yakawa na rangi ya chai. Nikanunua mfuko wa kaboni usiosema lolote zaidi ya jina lake. Haukueleza imetengenezwa kwa malighafi gani wala imeamilishwa vipi, yaani kutobolewa vitundu vidogo kwa joto au kemikali. Punje zilikuwa kubwa, zinang'aa, na mng'ao ule niliuchukulia kuwa ndio ubora.

Rangi ilipungua kidogo tu. Wiki ya tatu, mwani ukaanza kufunika majani ya anubia, mmea wa majini niliokuwa nao, kisha kioo, kisha gogo lenyewe. Nikauliza wazoefu, na jibu likawa moja: unalisha kupita kiasi. Mmoja wao, niliyemheshimu sana, alisema mbele ya wenzangu kwamba watu wasio na subira wasifuge viumbe hai. Maneno yale yananiuma hadi leo, maana nilikuwa nalisha mara moja kwa siku, chakula kinachoisha ndani ya dakika mbili. Hata hivyo nilitii. Nikalisha siku moja na kuruka moja, nikapunguza saa za taa kutoka 10 hadi 6, nikabadilisha nusu ya maji kila wiki. Kila nikipima fosfeti, kirutubisho kinacholisha mwani, imepanda. Maji ya bomba nayo yalisoma sifuri.

Nilipoishiwa vya kushuku, nikageukia filta. Nikachota kijiko cha kaboni ambayo haijatumika, nikaisuuza, nikaitia kwenye kikombe cha maji yaliyokenekwa na kuiacha usiku kucha. Asubuhi nikapima. Kipimo kikageuka buluu nzito kuliko ya tangi. Miezi miwili nimelaumiwa, na fosfeti ilikuwa ikitoka kwenye kitu nilichokinunua kusafishia maji!

Baadaye ndipo nikajifunza kwamba baadhi ya kaboni huamilishwa kwa asidi ya fosforiki, na nyingine hubeba fosfeti kwenye majivu ya malighafi yake. Majivu hayohayo yanaweza kupandisha pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji. Kwa hiyo kwenye kikombe pima vyote viwili.

Sasa, kabla ya kununua, jiulize unataka kuondoa nini. Kaboni haifyonzi uchafu kama sifongo. Uchafu hunata kwenye kuta za vitundu vyake vidogo mno, na gramu moja ya kaboni nzuri ina eneo la ndani linalozidi mita za mraba 500. Ukubwa wa vitundu hutegemea malighafi. Kaboni ya vifuu vya nazi ina vitundu vidogo sana, hivyo inafaa zaidi kwa klorini na molekuli ndogo. Zile za makaa ya mawe, hasa makaa laini ya kahawia, zina vitundu vipana zaidi, na hizo ndizo hushika vizuri tanini na rangi ya njano. Mimi nilihitaji za aina hii ya pili, na hakuna aliyeniambia. Mkaa wa jikoni usiutie kwenye hesabu hizi kabisa, haukuamilishwa.

Punje ziwe ndogo na zisizong'aa. Ukizitia majini utasikia zikichemka taratibu, hewa ikitoka kwenye vitundu. Zisuuze mpaka vumbi jeusi liishe, zitie kwenye mfuko wa wavu, uweke baada ya sifongo ili takataka zisizibe.

Na tafadhali, usiidai kazi isiyo yake. Amonia, nitriti na nitrati haiondoi. Hiyo ni kazi ya bakteria wa filta na ya kubadilisha maji. Dawa za samaki, kinyume chake, nyingi huzishika vizuri mno. Ukitibu huku kaboni imo, unatibu kaboni. Itoe kwanza, uirudishe matibabu yakiisha, kufuta mabaki ya dawa. Baada ya wiki tatu au nne itupe. Kuichemsha au kuioka nyumbani hakuirudishii nguvu, kwani kiwandani hupikwa kwenye joto la nyuzi 800 za Selsiasi na zaidi. Nasema haya kwa ukali kidogo kwa sababu samaki hana mdomo wa kulalamika, na anayelipa gharama ya uzembe wetu ni yeye.

Nilipobadilisha kaboni, maji yalikuwa maangavu ndani ya siku nne. Mwani ulichukua karibu miezi miwili kuondoka, na majani mengi ya anubia niliyakata. Gogo bado lipo.

Basi ndugu yangu uliyeniandikia, mfuko huo usiununue wote. Omba kijiko kimoja tu. Kisuuze, kikae kikombeni usiku mmoja, na kando yake weka kikombe kingine cha maji yaleyale bila kaboni ili uwe na cha kulinganisha. Asubuhi pima fosfeti na pH kwenye vikombe vyote viwili, uniandikie umeona rangi gani.