Mzinga huo umetoka mti gani?

Mhariri, wiki hii mmetuuliza ni kitu gani cha asili mkoani kwetu kinachotusukuma kutunza mazingira. Wenzangu wengi wa Tabora watajibu asali, tena watasema nyuki ndiye askari wa msitu. Jibu hilo linanikera kidogo, maana anayenunua chupa pale stesheni ya reli huuliza bei, hulamba kidole, huondoka. Haulizi asali hiyo imetoka kwenye mzinga wa aina gani.

Mizinga yetu ni ya aina tatu: wa gogo, wa gome na wa mbao. Wa gogo unadumu, ila ni mzito na unakula mti mnene mzimamzima, mara nyingi mninga. Wa gome ni mwepesi, hauna gharama, na ndio unaoua mti ukiwa umesimama.

Kuna gome moja lililotolewa kwenye kambi ya warina asali kusini mwa Sikonge ambalo kila likitajwa neno uhifadhi nalikumbuka. Masika yalikuwa yamekolea. Fundi, mzee wa makamo, aliuzunguka mti mmoja wa muva mara mbili akipapasa shina. Alitaka sehemu nyoofu isiyo na vifundo. Juu yake mti uwe na panda au pango, haikumhusu. Akakata pete ya chini usawa wa goti, mpaka shoka likafika kwenye mti mweupe. Akafunga miti miwili ya kukanyagia, akapanda, akakata pete ya pili kama mita moja na nusu juu ya ile ya kwanza, halafu mpasuo mmoja wa wima kuziunganisha. Kisha akachukua kabari bapa ya mti mgumu, akaiingiza kwenye mpasuo, akawa anaisukuma polepole kushoto na kulia huku akiligonga gome kwa kisogo cha shoka ili liachie. Hapo ndipo wanafunzi wake huharibu. Ukivuta kwa pupa gome linapasuka katikati, halishoneki tena, na mti umekufa bure. Kiangazi usijaribu kabisa, kwa sababu maji hayapandi mtini na gome linang'ang'ania.

Lilitoka zima, ndani linateleza. Akazikutanisha kingo zipandane upana wa vidole viwili, akatoboa matundu na kupigilia vijiti vilivyochongwa ncha. Akatia fito za duara ndani ili lisijikunje likikauka kivulini. Mwisho vifuniko: mbele chenye tundu la nyuki, nyuma cha kufungulia. Hilo la mbele na nyuma si urembo. Nyuki hulea majana, yaani watoto wao, karibu na mlango na kuhifadhi asali mbali nao, kwa hiyo mrina asali anayefungua nyuma anakutana na asali na kuyaacha majana salama. Akapaka nta iliyoyeyushwa ndani, basi, mzinga umekamilika. Mikono ile ilikuwa na ujuzi ambao sijauona kwa seremala yeyote mjini.

Na mti je? Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka mizizini kupitia gome la ndani. Pete ikishazunguka shina, mizizi inakufa njaa taratibu, hata kama majani bado ni mabichi. Fanya hesabu: mwenye mizinga 100, kila mmoja ukidumu miaka 5, anahitaji miti 20 kila mwaka, na bado hajaongeza hata mzinga mmoja.

Nilikuwa nimekusudia kuishia hapo na kusema magome yapigwe marufuku, warina asali wagawiwe mizinga ya mbao. Mti mmoja mnene ukipasuliwa unatoa mizinga kadhaa, wala hakuna ubishi. Lakini nani huku hajauona mzinga wa mradi uliogeuka kiota cha kuku? Kiunzi cha juu, kile ambacho nyuki hutundika sega lake, kinatakiwa kiwe na upana wa milimita 32, kwa sababu ndiyo nafasi ambayo nyuki wetu huacha kutoka katikati ya sega moja hadi katikati ya lingine. Seremala akikadiria kwa jicho, baada ya viunzi vichache sega linavuka mpaka, na ukinyanyua kiunzi kimoja unararua masega mawili. Asali inamwagika kwenye majana, siafu wanafuata, kundi linahama. Mbao mbichi nazo hujikunja na kuacha nyufa. Mzinga ukikaa juani nta inalegea na masega yanaanguka. Usipotundikwa kwa waya, nyegere anamaliza kazi. Yule mzee hakuhitaji semina kuyajua haya ya jua na nyegere.

Tena yeye na wenzake ndio wanaofyeka njia za kuzuia moto kuzunguka kambi, kwa kuwa mali yao imetundikwa juu ya miti hiyo. Mabani ya Urambo na Kaliua, yale majengo ya kukaushia tumbaku kwa moto, hayachagui muva mmoja. Yanataka kuni kila msimu, na shamba jipya halibakizi kitu, hata uyoga tunaouokota masika, maana mwingi wake huishi na mizizi ya miti hiyohiyo. (Mrina asali naye ana dhambi yake: mwenge wa kufukuzia nyuki. Cheche moja kwenye nyasi kavu inateketeza msitu aliokuwa akiulinda. Bomba la moshi lingemtosha.)

Kwa hiyo, kinyume na nilivyoanza, nasema mzinga wa gome ubaki kwa wale wa kambi za mbali, mpaka wapate wa mbao uliopimwa kwa rula. Lakini wachukue miti yenye panda na mapango, isiyofaa mbao. Na wakishatoa gome, waukate mti chini ya pete ya chini, mkato wa mshazari ili maji yasituame. Muva na miyombo huchipua vizuri kwenye kisiki, mradi moto na mbuzi visipite hapo miaka ya mwanzo. Kando ya mito inayomwaga maji mto Ugalla sikubali hata gome moja. Wala bani.

Msomaji, Tabora