Kupaka rangi boti ya faiba nyumbani: kipi kitangulie

Wanaotaka kupaka rangi boti zao wenyewe huanza na swali lilelile: rangi gani ni nzuri? Mimi huwarudisha nyuma kidogo. Kabla hujanunua hata brashi, chagua sehemu moja ubavuni, upana wa viganja viwili hivi. Ioshe kwa maji na sabuni, ikauke, kisha isugue kwa dawa ya kung'arishia na kitambaa laini. Kama chini ya ule unga mweupe wa ngozi iliyochakaa kwa jua, unaobaki kidoleni ukiigusa, kuna rangi nzima na inarudi kung'aa, boti yako haihitaji rangi. Inahitaji kusuguliwa na kupakwa nta, basi, na utakuwa umejiepusha na kazi ya wiki kadhaa.

Ngozi ya nje ya boti ya faiba inaitwa jelikoti. Ni resini ya poliesta (plastiki ya majimaji inayoganda) iliyotiwa rangi, inayopakwa ndani ya kalibu kwanza, ndipo nyuzi za kioo zilazwe juu yake. Unene wake ni kama nusu milimita tu. Jua huila polepole, na kila ukiisugua unaipunguza wewe pia. Inafika wakati hata usugue vipi mng'ao haudumu, au nyufa nyembamba zimetanda kila mahali, au nyuzi zimeanza kuonekana. Hapo ndipo rangi inapokuwa na maana.

Sasa, rangi ikibanduka baada ya msimu mmoja watu hulaumu kopo. Kwa niliyoyaona, mara nyingi kopo halina kosa. Kazi ilifanywa yote, ila kitu cha pili kilitangulia cha kwanza.

Mfano mkubwa ni nta. Boti iliyotunzwa vizuri imepakwa nta miaka na miaka, na nyingine zina silikoni iliyotokana na dawa za kung'arishia. Ukianza na msasa, unaisukuma nta hiyo ndani ya mikwaruzo uliyoichora mwenyewe, na rangi ikifika juu yake inajikunja na kuacha vishimo vya duara, vidogo kama macho ya samaki. Kwa hiyo boti husafishwa kwanza, msasa baadaye. Osha kwa sabuni na maji mengi, kisha tumia kiyeyusho cha kuondolea nta kwa vitambaa viwili: kimoja kilicholowa kinatangulia, cha pili kikavu kinafuata papo hapo kabla kiyeyusho hakijakauka. Kikikauka chenyewe umeihamisha nta tu, hujaiondoa. Ndiyo maana siipendi asetoni kwa kazi hii: inakauka kabla mkono wa pili haujafika. Badilisha vitambaa mara kwa mara, na usitumie vile vilivyofuliwa kwa dawa ya kulainisha nguo.

Halafu pima. Mwagia maji ubavuni ukitazama kwa ulalo. Pakiwa safi, maji yanatanda na kushuka yote kwa pamoja, utando mmoja usiokatika. Pakiwa na nta, yanajivuta, yanakusanyika matone, na katikati yanaacha visiwa vikavu. Palipo na kisiwa, rudia. Ni kipimo kisicho na gharama, na sijui kwa nini watu wanakiruka.

Nyufa na mikwaruzo mirefu huzibwa kabla ya praima, ile rangi ya chini inayoshikisha rangi ya juu. Ufa mwembamba haupakwi filla (lahamu ya kuzibia) juu juu, utarudi. Ufungue kwa ncha kali uwe na umbo la herufi V, ndipo filla ipate pa kushika. Zile nyufa zinazosambaa kutoka kwenye skrubu au kishikizo cha kamba zitazame mara mbili, kwa sababu mara nyingi zinasema kwamba kitu kinacheza chini yake. Kaza au imarisha hapo kwanza, la sivyo utaziona tena juu ya rangi mpya.

Filla ya epoksi, gundi ya sehemu mbili inayoganda ikichanganywa, ndiyo ninayoitegemea, lakini nayo ina utaratibu wake. Changanya kidogo kidogo kwenye chombo kipana na cha kina kifupi, maana ikirundikana inapata joto kali na kuganda mkononi mwako. Ikishakauka, epoksi nyingine huacha utando wa kuteleza juu. Huo huoshwa kwa maji na sponji gumu kabla ya msasa, kwa sababu ileile ya nta. Na kama ulipanga kumalizia pengo kwa jelikoti badala ya rangi, usitie epoksi chini yake. Jelikoti ya poliesta haishiki vizuri juu ya epoksi. Rangi haina shida hiyo.

Msasa namba 80 ni wa kuondoa vitu, si wa kulainisha. Kabla ya praima fikia namba 120 hadi 180, na juu ya praima malizia na 220 hadi 320. Funga msasa kwenye ubao mrefu unaopinda kidogo kufuata umbo la boti; vidole vitupu vinachimba mifereji ambayo huioni hadi rangi ya kung'aa ikauke. Ukitaka kujua kama ubavu umenyooka, nyunyizia vumbi jepesi la rangi nyeusi juu ya praima kisha piga msasa: nyeusi inayobaki ndipo palipobonyea.

Vumbi la faiba si la kuchezea. Vaa barakoa ya chembechembe ya daraja la P2 kwenda juu, miwani, glovu, na nguo ya mikono mirefu iliyofungwa pamoja na glovu. Na ile rangi ya zamani ya chini ya maji, ya kuzuia mwani na viumbe vinavyoganda, ina sumu kwa makusudi. Hiyo usiipige msasa mkavu kamwe. Ilowanishe, kusanya matope yake kwenye turubai, usiyaache yaende kwenye mtaro.

Ndipo tunafika kwenye rangi yenyewe. Kwa ubavu, chaguo la kweli ni kati ya rangi ya kopo moja na ile poliuretani ya makopo mawili inayochanganywa na hadena, yaani dawa ya kuigandisha. Ya makopo mawili ni ngumu zaidi na inashika mng'ao miaka mingi zaidi. Ya kopo moja inasamehe: inapakika kirahisi na ikikwaruzwa inarekebishika bila vita. Kwa anayeanza, nashauri kopo moja bila kusita.

Kama boti ilishapakwa rangi zamani na hujui ni aina gani, lowanisha kitambaa kwa thina (kiyeyusho) ya rangi ya makopo mawili, kibandike mahali pasipoonekana kwa dakika kumi hivi. Rangi ya chini ikilainika au kukunjamana, ya makopo mawili haiwezi kukaa juu yake moja kwa moja, itainyanyua yote. Iondoe, au tumia ya kopo moja.

Kuhusu kupuliza kwa mashine nyumbani: hapana. Hadena ya rangi ya makopo mawili ina kemikali ya isosianati, na ukungu wake unaweza kukuachia pumu ya maisha. Barakoa ya kawaida ya vichujio haitoshi; wanaoipuliza kazini hupumua hewa safi inayoletwa kwa bomba. Kwa rola na brashi hakuna ukungu huo, ingawa barakoa ya mvuke, glovu na hewa ya kutosha bado ni lazima.

Rangi nyeupe au ya maziwa, tafadhali. Buluu iliyokoza inapendeza kwenye picha, lakini inaonyesha kila bonde uliloliacha, na juani inapata joto hadi alama za nyuzi huanza kuchomoza.

Kujua ununue kiasi gani, jumlisha urefu na upana wa boti, zidisha kwa mbili, kisha zidisha kwa kimo cha ubavu juu ya maji. Boti ya mita 6 kwa 2.2 yenye ubavu wa mita 0.7 inakupa kama mita za mraba 11.5. Lita moja hufunika karibu mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, yaani tabaka moja la rangi, na utahitaji mikono miwili au mitatu.

Hali ya hewa ndiyo bosi. Usipake juani, fuata kivuli kinavyozunguka boti. Anza umande ukishakauka kabisa, na acha saa kadhaa kabla ya jioni, kwa sababu umande ukishukia rangi mbichi mng'ao unakufa usiku huohuo. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 85, fanya kazi nyingine. Nyunyizia sakafu maji kidogo kutuliza vumbi.

Kazi yenyewe ni ya watu wawili. Wa kwanza anatandaza kwa rola ya sponji jembamba isiyoyeyushwa na thina, upana wa nusu mita hivi, rangi kidogo sana. Wa pili anafuata papo hapo na brashi laini ikiwa karibu kavu, ameilaza nyuzi 45, anaipitisha bila kukandamiza ili kuvunja viputo, kila pasi ikiishia kwenye sehemu iliyokwisha kupakwa. Ukingo usikauke, kwa hiyo hakuna kusimama kupokea simu. Brashi ikianza kuvuta, ongeza thina kidogo kwenye trei. Rangi iliyobaki kwenye trei usiirudishe koponi. Mkono wa kwanza utaonekana vibaya, umepauka na unaonyesha praima. Uache hivyohivyo; anayejaribu kuuficha kwa kuongeza rangi ndiye anayepata machozi, yaani michirizi ya rangi, ubavuni. Na chozi ukiliona limechelewa, usilirudie, litaondoka kwa msasa kesho.

Mkono unaofuata upakwe ndani ya muda ulioandikwa kwenye kopo. Ukipita, piga msasa namba 320 kwanza. Tepu uliyobandika kukinga kingo itoe baada ya mkono wa mwisho rangi ikiwa bado laini, ukiikunja kurudi nyuma.

Rangi hii ya ubavu haikai chini ya mstari wa maji kwenye chombo kinachoishi majini, itaota malengelenge. Huko chini ni epoksi ya kuzuia maji na rangi ya kuzuia mwani. Boti inayorudi kwenye trela kila jioni haina haja ya hiyo ya mwani.

Ipe rangi kama wiki moja kwenye joto la nyuzi 20 kabla ya kuiegemeza kwenye maboya ya kando, zaidi kukiwa na baridi. Vyuma ulivyovifungua virudishe na gundi ya kuzibia ya poliuretani kwenye kila tundu la skrubu. Usitumie ya silikoni hata ukipewa bure: mabaki yake hayatoki kirahisi, na siku ya kupaka tena utahangaika nayo kuliko nta.