Simu imeopolewa dirishani, nianzie wapi?

Shangazi, shikamoo. Nasoma mwaka wa pili chuo kimoja hapa Dodoma, nakaa hosteli. Juzi tulilala dirisha wazi sababu ya joto. Asubuhi simu niliyoiacha kwenye chaji haipo, wavu umechanwa. Namshuku mwenzangu wa chumbani. Nifanyeje?
Binti wa Ng'ong'ona

Marahaba mwanangu, pole sana. Anza na laini kabla ya simu. Azima simu sasa hivi, pigia huduma kwa wateja wa mtandao wako wafunge laini na akaunti ya pesa. Boom lako, ile pesa ya kujikimu ya mkopo wa chuo, likichotwa, utakula nini? Kisha nenda polisi ukachukue RB, ile namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Watataka IMEI, ile namba ya tarakimu 15. Ipo kwenye boksi la simu. Na ninyi wengine mnaosoma, bonyezeni *#06# leo, muiandike daftarini.

Nimekuwa mlezi wa hosteli miaka mingi, wizi huu naujua. Mwizi huja na fito ndefu, nchani kafunga waya uliopindwa kama ndoano. Anachana wavu, ananasa waya wa chaja, anavuta taratibu mpaka simu inamfikia. Mguu wake hauingii ndani. Joto la Oktoba hapa kwetu nalijua, sikwambii ulale umefunga dirisha. Chajia upande wa mlango, na laptopu ifungie kabatini kwa kufuli lako mwenyewe.

Mwenzako muache, tafadhali. Anayelala humo ndani achane wavu wa nini? Nendeni wote wawili kwa mlezi wenu leo leo, mdai wavu wa chuma.