Kwa nini magari ya kambi yaliyotumika hayashuki bei haraka

Umeuliza kwa nini gari la kambi, yaani gari lenye mahali pa kulala na kupikia ndani yake, likiwa na umri wa miaka 10 bado huuzwa kwa bei ya juu, ilhali gari la kawaida la umri huohuo limeshapoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Kwa maoni yangu, sababu kuu ni kwamba mnunuzi halipii injini na magurudumu tu, bali pia kitanda, jiko la gesi, tangi la maji, betri ya pili na nyaya zake, yaani kazi nyingi ya fundi ambayo haichakai kwa kadiri ya kilomita zilizotembewa. Tena mengi ya magari haya hutumika wakati wa likizo tu, na kwa kuwa hujengwa juu ya vani za mizigo kama Fiat Ducato, vipuri vya injini si shida kupatikana. Uchache nao una nguvu zake: Volkswagen iliacha kutengeneza Kombi, vani yake ambayo wengi huigeuza gari la kambi, nchini Brazili mwaka 2013, na zilizotunzwa vizuri hugombaniwa.

Hata hivyo, nakusihi usilipe kabla ya kukagua unyevu. Bonyeza kwa kidole mbao zilizo chini ya madirisha na kwenye pembe za dari; zikibonyea, au makabati yakitoa harufu ya uvundo, ujue maji yameshapenya, na gharama ya ukarabati yaweza kumeza thamani yote niliyoieleza.